Chase au Sewell? Zamu ya tano ya Cincinnati Bengals katika drafti ya 2021

Tarehe 22 Novemba 2020, robo ya tatu, uwanja wa Washington. Joe Burrow, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa Cincinnati Bengals, timu ya futiboli ya Marekani, alikuwa anaachia mpira wakati wachezaji wawili wa Washington walipomfikia kwa pamoja, mmoja juu, mwingine chini. Mguu wa kushoto ulikuwa umekita ardhini, na goti likapinda kule ambako goti halipindi. Kano zilikatika. Kijana aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti, zoezi la timu kuchagua vijana wa vyuo, miezi saba tu kabla ya hapo akatolewa uwanjani juu ya kigari. Alikuwa amecheza mechi 10 za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, na katika mechi hizo 10 alikuwa ameangushwa na mpira mkononi mara 32.

Bengals walimaliza msimu ule na ushindi 4, vipigo 11 na sare 1. Malipo ya msimu mbovu kiasi hicho ni zamu nzuri, nao wakapata zamu ya 5 katika drafti ya Aprili 2021. Walipokaa kupanga wamchukue nani, majina mawili ndiyo yaliyobaki midomoni mwa watu. Penei Sewell, mlinzi wa ukuta kutoka chuo cha Oregon, na Ja'Marr Chase, mpokeaji wa mipira kutoka chuo cha LSU. Mashabiki wa Cincinnati walibishana miezi minne mfululizo, na hadi leo ubishi huo haujaisha.

Nasema mapema ninaposimama. Zamu ya 5 waliitumia vizuri. Kosa lilifanyika siku iliyofuata, katika zamu ya 38, na ni wachache wanaolizungumzia.

Kwa aliyezoea soka letu, neno moja kuhusu drafti. NFL haina dirisha la usajili ambalo mwenye pesa anakwenda chuoni kumnunua kijana amtakaye. Timu 32 zinapanga foleni, iliyofanya vibaya zaidi inatangulia, na vijana wanaotoka vyuoni wanachaguliwa mmoja mmoja kwa raundi 7. Zamu yenyewe ni mali. Unaweza kuiuza, ukashuka chini kwenye foleni na kupewa zamu nyingine za ziada. Juu ya hayo kuna kikomo cha mishahara, ambacho mwaka ule kilikuwa dola milioni 182.5 kwa kila timu, kikiwa kimeshuka kwa sababu ya korona. Kijana wa drafti analipwa kidogo kwa miaka minne ya mwanzo ukilinganisha na mkongwe wa namba ileile, kwa hiyo timu inayochagua vizuri inapata nafuu ya miaka minne. Ndiyo maana watu wanagombania zamu moja kama kiwanja cha barabarani.

Hoja ya Sewell haikuhitaji kuelezwa sana. Ukuta ni wachezaji watano wanaosimama mbele ya kwotabeki: mmoja wa kati anayeurusha mpira nyuma, wawili wa ndani, wawili wa pembeni. Kazi yao ni kumnunulia kwotabeki sekunde mbili na nusu au tatu. Burrow alikuwa hapewi hata hizo. Na Sewell hakuwa mlinzi wa kawaida. Alilelewa Samoa ya Marekani, akahamia Utah akiwa mtoto, akafika Oregon, na mwaka 2019, akiwa na miaka 19, akachukua tuzo ya Outland wanayopewa walinzi bora wa vyuo. Kilo 150 hivi, lakini anakimbia kama mtu wa kilo 100. Waliomtaka walikuwa na swali moja tu: mmeshamwona kijana wenu amebebwa kwenye kigari, mnataka nini tena ndipo muelewe?

Swali hilo lina uchungu ndani yake, na ninauheshimu. Shabiki aliyesubiri kwotabeki wa maana kwa miaka mingi, kisha akaona goti lile, ana haki ya kutaka ukuta kwanza.

Hoja ya Chase ilikuwa ndefu zaidi, na ndiyo sababu ilipoteza kura nyingi mitaani. Mwaka 2019 Chase na Burrow walicheza pamoja LSU, wakashinda mechi zote 15 na ubingwa wa vyuo. Burrow alirusha tachidauni 60 msimu ule, yaani mipira 60 iliyoishia kwenye eneo la mwisho la wapinzani, ambayo ndiyo magoli ya mchezo huu. Chase peke yake alipokea 20 kati ya hizo, pamoja na yadi 1,780, zaidi ya mpokeaji mwenzake Justin Jefferson. Mwaka 2020 Chase hakucheza kabisa, alijitoa kwa ajili ya korona. Jefferson alikwenda Minnesota, na katika msimu wake wa kwanza NFL akapata yadi 1,400. Mwenye kupima vipaji alikuwa na kipimo mkononi: yule aliyezidiwa yadi na Chase chuoni ameshawatesa mabeki wa kulipwa.

Halafu kuna jambo la pengo lenyewe. Bengals walikuwa wamempoteza A.J. Green, mpokeaji wao mkubwa wa miaka kumi, aliyekwenda Arizona. Walibaki na Tyler Boyd na Tee Higgins, wazuri wote, lakini hakukuwa na mtu wa kumfanya beki wa mwisho arudi nyuma kwa hofu. Ukimwuliza mtu mtaani, timu ilikuwa na tundu moja, ukuta. Ukiangalia kikosi, ilikuwa na matundu yasiyopungua manne, na moja lilikuwa pale pale alipokuwa anacheza Green.

Hapa ndipo nadhani mjadala ulipokosewa tangu mwanzo. Watu waliuliza, pengo kubwa ni lipi? Swali la kuuliza lilikuwa hili: pengo hili linaweza kuzibwa kwa milango mingapi? Mlinzi wa pembeni wa kiwango cha kutosha anapatikana sokoni. Machi 2021 Bengals walimsajili Riley Reiff, mkongwe aliyetoka Minnesota, kwa mkataba wa mwaka mmoja, wakamweka kulia. Kushoto walikuwa na Jonah Williams, chaguo lao la kwanza la 2019. Walinzi wa ndani wanapatikana raundi ya pili, ya tatu, hata ya sita. Lakini mpokeaji wa kiwango cha Chase, anayeshinda vita vya mtu kwa mtu dhidi ya beki bora wa timu pinzani kila wiki, timu yake haimwachii aende sokoni. Anapatikana kwa mlango mmoja, na mlango huo ni zamu za juu za drafti.

Kuna na hili: ukuta ni kazi ya watu watano. Mpinzani anayekuja kumwangusha kwotabeki hatafuti mlinzi wako bora, anamtafuta dhaifu. Ukiweka mlinzi wa dhahabu pembeni na wa ndani akawa mlango wazi, kocha wa upande wa pili atawapitisha watu wake humo humo siku nzima. Mpokeaji ni kinyume chake. Mmoja akiwa hatari kupita kiasi, wanampeleka watu wawili, na mwenzake wa upande wa pili anapata nafasi.

Drafti ilifanyika Cleveland, ikaanza Alhamisi ya tarehe 29 Aprili. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa usiku, kuamkia Ijumaa. Makwotabeki watatu walitangulia: Trevor Lawrence, Zach Wilson, Trey Lance. Atlanta wakamchukua Kyle Pitts. Zamu ya 5 ikafika, na Sewell na Chase wote bado wapo. Cincinnati wakasema Chase.

Dakika chache baadaye, kwenye chumba cha Detroit Lions waliokuwa na zamu ya 7, meneja wao mkuu Brad Holmes aliruka juu kwa furaha alipoona Sewell hajachukuliwa. Video ile imetazamwa sana, na kwa muda mrefu ilikuwa kama hati ya mashtaka dhidi ya Bengals.

Agosti ikazidisha. Katika mechi za maandalizi Chase alianza kuponyokwa na mipira, mingine iliyofika mikononi kabisa. Alipoulizwa, akaeleza kwamba mpira wa NFL ni mkubwa kidogo na hauna mistari miwili myeupe iliyo kwenye mpira wa vyuo, mistari inayomsaidia mpokeaji kuona mpira unavyozunguka angani. Watu walimcheka. Mimi niliyaamini maelezo yale. Mtu aliyekaa mwaka mzima bila mechi, macho yake yamezoea alama nyeupe mbili, sasa anatafuta kitu cha kahawia kitupu kinachokuja kwa kasi kwenye mwanga wa taa. Ni jambo dogo, lakini kazi ya mpokeaji yote ni macho kwanza, mikono baadaye.

Tarehe 12 Septemba, mechi ya kwanza dhidi ya Minnesota, alipata yadi 101 na tachidauni ya yadi 50. Maneno yakapungua.

Alimaliza msimu na yadi 1,455 na tachidauni 13, akaipita rekodi ya Jefferson, akawa mchezaji bora chipukizi wa upande wa kushambulia. Ila mechi ya kuiangalia ni ya tarehe 2 Januari 2022 dhidi ya Kansas City Chiefs. Chase alipokea mara 11, yadi 266, tachidauni 3. Katika ile mara ya mwisho, matokeo ni 31 kwa 31, Bengals walikuwa na jaribio la tatu kati ya manne, na yadi 27 za kutafuta ili wabaki na mpira. Yadi 27! Timu nyingi hapo zinakabidhi mpira kwa mkimbiaji, zinapiga mkwaju na kuomba Mungu. Burrow akaurusha mrefu pembeni, Chase akaruka juu ya beki, yadi 30. Bengals wakashinda 34 kwa 31 na kutwaa ubingwa wa kundi lao. Ukuta hata ungekuwa bora namna gani haukupi mpira ule. Unampa kwotabeki muda, lakini mtu wa kuupokea lazima awepo.

Sasa turudi kwenye siku ya pili ya drafti, kwa sababu hapo ndipo roho inaponiuma.

Baada ya kumchukua Chase, Bengals walikuwa na zamu ya 38. Raundi ya kwanza ilikuwa imewaachia walinzi wazuri kadhaa, na kila mtu alijua wapi wanakwenda. Wakaiuza zamu hiyo kwa New England, wakashuka hadi ya 46, wakapewa zamu mbili za raundi ya nne. Mara moja Chicago wakapanda hadi zamu ya 39 kumchukua mlinzi Teven Jenkins. Miami wakamchukua Liam Eichenberg zamu ya 42. Jacksonville wakamchukua Walker Little zamu ya 45. Foleni ya walinzi ilikuwa inasonga mbele ya macho ya Bengals wakati wao wamesogea nyuma. Zamu ya 46 ilipofika wakamchukua Jackson Carman wa Clemson, kijana wa Fairfield, Ohio, jirani kabisa na Cincinnati, aliyekuwa amecheza pembeni chuoni na sasa anatakiwa ajifunze kucheza ndani.

Simlilii Jenkins, mgongo ulimsumbua na alikosa sehemu kubwa ya msimu wake wa kwanza. Ninayemkumbuka ni Creed Humphrey. Mlinzi wa kati kutoka Oklahoma, anayerusha mpira nyuma kwa mkono wa kushoto. Zamu ya 46 ilipita na yeye yupo. Akakaa hadi zamu ya 63, Chiefs wakamchukua, akaanza mechi ya kwanza na hakutoka tena. Leo ni miongoni mwa walinzi bora wa kati katika ligi nzima. Chiefs haohao, zamu ya 226, raundi ya sita, wakamchukua Trey Smith, mlinzi wa ndani aliyeporomoka kwenye foleni kwa sababu ya historia ya kuganda damu mapafuni. Naye akaanza tangu wiki ya kwanza.

Angalia walivyofanya Chiefs. Februari 2021 walifungwa fainali na Tampa Bay 31 kwa 9, kwotabeki wao Patrick Mahomes akikimbizwa uwanja mzima kwa sababu walinzi wake wa pembeni wote wawili walikuwa majeruhi. Ndani ya miezi mitatu wakaujenga ukuta upya. Wakamsajili Joe Thuney, wakambadilishia Baltimore zamu yao ya kwanza na nyingine juu yake wampate Orlando Brown, kisha drafti ikawapa Humphrey na Smith. Milango minne tofauti, na hakuna hata mmoja uliohitaji zamu ya 5. Bengals walikuwa na nafasi ya kufanya nusu ya hayo na bado kubaki na Chase. Zile zamu mbili za ziada walizopata kwa kushuka waliwachukulia Tyler Shelvin na D'Ante Smith, na hakuna kati yao aliyepata namba ya kudumu.

Kwa haki ya Bengals, drafti ileile iliwapa Evan McPherson, mpiga mikwaju, raundi ya 5. Watu huwa wanaona ni kupoteza zamu kumchukua mpiga mikwaju. Katika mchujo wa msimu ule, yaani mechi za mtoano baada ya msimu wa kawaida, McPherson alipiga mikwaju 14 ya kupitisha katikati ya nguzo, yote 14 ikaingia.

Na alihitajika, kwa sababu ukuta ulibomoka kama walivyotabiri watu wa Sewell. Burrow aliangushwa mara 51 katika msimu wa kawaida, zaidi ya kwotabeki mwingine yeyote. Desemba Reiff aliumia kifundo cha mguu, na upande wa kulia ukabaki kwa Isaiah Prince, mchezaji wa akiba. Hapa lazima niseme ukweli dhidi ya hoja yangu mwenyewe: Sewell angekuwepo, Prince asingeonekana. Siwezi kulizunguka hilo.

Lakini nendeni mkaitazame mechi ya Nashville, tarehe 22 Januari 2022, Tennessee dhidi ya Bengals. Burrow aliangushwa mara 9. Mara tisa, na bado akashinda 19 kwa 16 kwa mkwaju wa McPherson wa yadi 52. Aliyemsumbua kuliko wote ni Jeffery Simmons wa Tennessee, aliyemwangusha mara 3, na Simmons anachezea katikati. Alikuwa anapita kwa walinzi wa ndani, pale ambapo Bengals walianza msimu na Xavier Su'a-Filo, akaumia, akaingia Carman, akatoka, akaingia Hakeem Adeniji. Namba moja, watu watatu, na hakuna aliyeishika. Mlinzi wa pembeni angesimama mita mbili kutoka hapo akishuhudia. Zamu ya 38 ilikuwa ya namba hiyo.

Wiki iliyofuata waliwatoa Chiefs kwao, 27 kwa 24, baada ya kuwa nyuma 21 kwa 3. Wakaingia Super Bowl, fainali ya ligi, timu iliyokuwa haijashinda mechi ya mchujo kwa miaka 31 kabla ya msimu ule.

Machi 2022 uongozi ukakiri kwa vitendo. Wakasajili walinzi watatu kwa mpigo: Alex Cappa, Ted Karras, La'el Collins. Msimu uliofuata wakafika tena mlango wa fainali, na wakati huo watatu kati ya walinzi watano wa kuanzia walikuwa majeruhi. Mwaka 2023 wakamsajili Orlando Brown yuleyule. Mwaka 2024, zamu ya 18, wakatumia tena chaguo la kwanza kwa mlinzi wa pembeni, Amarius Mims wa Georgia.

Watu wa Sewell wana silaha mpya, na si ndogo. Mwaka 2024 Chase aliongoza ligi kwa mapokezi, yadi na tachidauni, vyote vitatu, na Bengals hawakufika mchujo kwa sababu upande wa kuzuia ulikuwa unavuja kila wiki. Machi 2025 akapewa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 161, Higgins milioni 115, juu ya milioni 275 za Burrow za tangu 2023. Msimu huohuo wa 2024 Detroit, wakiwa na Sewell waliyempa milioni 112 kwa miaka minne, walishinda mechi 15 kati ya 17. Lakini Lions wa 2021, Sewell akiwamo, walishinda mechi 3 tu. Walihitaji mtu wa kujengea nyumba taratibu, na walikuwa na muda huo. Bengals walikuwa tayari na Burrow, na saa ya mkataba wake wa bei nafuu ilikuwa inakimbia. Kijana mmoja na mwenzake, kila mmoja alifika mahali palipomfaa. Nami ningekuwa mezani Cleveland usiku ule ningemchukua Chase bila kusitasita, na Ijumaa nisingeiuza zamu ya 38 kwa bei yoyote.

Tarehe 13 Februari 2022, Super Bowl, uwanja wa SoFi, Inglewood, jirani na Los Angeles. Rams 23, Bengals 20, haijabaki hata dakika moja. Bengals wako karibu na mstari wa katikati, jaribio la nne, yadi moja tu ya kutafuta. Burrow ameshaangushwa mara 7. Mpira unarushwa nyuma. Chase amemwacha Jalen Ramsey, beki wa Rams, anakimbia peke yake. Na katikati ya ukuta, penye walinzi wa ndani, Aaron Donald wa Rams ameshapita. Anamshika Burrow kiunoni, anamzungusha, na Burrow akiwa anaanguka anausukuma mpira kuelekea kwa Samaje Perine, mkimbiaji wa Bengals, aliye karibu naye. Unadondoka chini. Chase bado anakimbia.